Minara Miwili, Pande Mbili: Utatuzi wa Matatizo ya Antena za Nje kati ya Mombasa na Malindi

Mji wa Kilifi umekaa karibu katikati ya Mombasa na Malindi, na ukisimama juu ya paa huko, Mombasa iko kusini-magharibi na Malindi iko kaskazini-mashariki, kila upande ukiwa umbali wa kilomita 50 hivi kwa mstari ulionyooka. Antena ya kawaida ya televisheni yenye vijiti vingi huutazama mnara wa upande mmoja na kuupa wa pili kisogo. Enzi za analojia, antena iliyokosea mwelekeo ilionyesha picha yenye chenga, na watu waliivumilia. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2015, picha ama iko safi, ama imekatika vipande vya mraba, ama haipo kabisa, na mtazamaji hapewi ishara ya wazi ya kosa liko wapi. Ndiyo maana wengi hununua antena ya pili, wakaiunga na ya kwanza kwa splita ya dukani (kifaa cha kugawa kebo moja kuwa mbili, kinachotumiwa hapa kinyumenyume), wakaishia kupoteza hata zile stesheni walizokuwa nazo.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Katika kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi zaidi imetangulia. Neno "stesheni" hapa ni kile unachokitazama, na "chaneli" ni namba ya masafa ya UHF ambayo mnara huyatumia kubeba stesheni kadhaa kwa pamoja.

Kabla ya kushika ngazi, fanya kazi moja ukiwa umekaa. Fungua ukurasa wa taarifa za mawimbi kwenye king'amuzi (dekoda, kama wengi wanavyoiita), na kwa kila stesheni unayoipenda andika namba ya chaneli au masafa yake. Fanya hivyo antena ikielekea Mombasa, kisha ikielekea Malindi. Ukiweka orodha hizo mbili ubavu kwa ubavu, mara nyingi utakuta stesheni zile zile zimejirudia pande zote mbili, kwa kuwa wasambazaji wa mawimbi hubeba stesheni nyingi zile zile kutoka kituo hadi kituo. Katika hali hiyo hulihitaji jambo lolote kati ya yanayofuata. Chagua mnara wenye ubora mkubwa zaidi, kaza antena, na usinunue kitu.

Onyo la kuzingatiwa tangu mwanzo. Pima kwa macho umbali kutoka mguu wa mlingoti hadi nyaya za umeme zilizo karibu. Ikiwa mlingoti ukianguka kuelekea upande wowote unaweza kuzigusa nyaya hizo, usiusimamishe na usiushushe wewe mwenyewe. Usipande paa la makuti kwa kazi hii, kwa sababu halibebi mtu wala mlingoti. Ukisikia radi, hata ya mbali, shuka. Na ukigusa antena, kebo au paa la mabati ukahisi umeme unakupiga, hata kidogo tu, acha kila kitu, zima swichi kuu ya nyumba na mwite fundi umeme mwenye leseni. Huenda hitilafu iko kwenye nyaya za nyumba au kwenye kifaa kilichounganishwa na kebo, na antena imekuwa njia yake ya kukufikia.

Dalili ya kwanza: stesheni za upande mmoja zipo, za upande wa pili hazipo kabisa

Lalamiko hili ndilo la kila siku, na mara nyingi antena haina kosa. Ving'amuzi vingi, ukichagua utafutaji wa moja kwa moja, hufuta orodha ya zamani kabla ya kuandika mpya. Mtu huelekeza antena Malindi, akatafuta, akaigeuza Mombasa, akatafuta tena, kisha akashangaa kwamba za Malindi zimetoweka. Tumia utafutaji wa mkono, ambao kwa kawaida huongeza juu ya orodha iliyopo. Ikiwa king'amuzi kinataka masafa badala ya namba ya chaneli, zidisha namba kwa 8 kisha ongeza 306: chaneli ya 21 ni MHz 474, na chaneli ya 48 ni MHz 690. Ingiza chaneli moja moja za ule upande unaokosekana, na utazame vipimo vya nguvu na ubora kabla ya kubonyeza kitufe cha kutafuta. Ubora ukiwa sifuri, hata ukitafuta mara kumi hutapata kitu, kwa hiyo hapo ndipo unapoinua macho kutazama antena.

Sababu ya pili ni mwelekeo. Dira ya simu husaidia, lakini hudanganywa na mabati na mlingoti wa chuma. Simama uwanjani, mbali na nyumba, utafute upande unaoutaka, uchague alama kama vile mnazi fulani au tangi la maji la jirani, kisha upande na kuielekeza antena kwenye alama hiyo. Igeuze kidogo kidogo na usubiri sekunde tano kila unapoigeuza, kwa maana kipimo cha king'amuzi huchelewa. Anayezungusha antena mfululizo huku mwenziwe akipiga kelele kutoka sebuleni "hapo! hapo!" huwa tayari ameipita sehemu nzuri kabla ya sauti kumfikia.

Sababu ya tatu huwasumbua hata mafundi, nayo ni umeme wa busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi. Busta iliyofungwa juu ya mlingoti hupata umeme wake kupitia kebo ile ile inayoleta mawimbi, ama kutoka kwenye kisanduku chake cha ndani, ama kutoka kwenye king'amuzi chenyewe ikiwa menyu ya "nguvu ya antena" imewashwa. Ukiweka splita njiani, mambo hubadilika. Splita nyingine hazipitishi umeme kabisa, na nyingine huupitisha kwenye tundu moja tu, lenye alama ndogo ya mshale au mstari. Antena yenye busta ikiwa kwenye tundu lisilopitisha, busta inalala, na busta iliyolala hupitisha mawimbi kidogo kuliko kama isingekuwepo kabisa. Kinyume chake pia hutokea. Antena nyingi za vijiti zina kitanzi cha chuma ambacho kwa umeme wa betri ni sawa na nyaya mbili zilizogusana. Splita ikipeleka umeme kwenye antena ya namna hiyo isiyo na busta, kisanduku cha umeme kinazidiwa, taa yake inafifia au kuzimika, na pande zote mbili zinapotea kwa pamoja. Kagua hivi: chomoa kebo ya antena isiyo na busta kutoka kwenye splita. Taa ikirudi, umempata mkosaji, na dawa yake ni kununua splita inayopitisha umeme tundu moja pekee, kisha kuweka busta upande huo.

Sababu za mwisho ni chache zaidi. Mnara mmoja unaweza kurusha mawimbi kwa ulalo na mwingine kwa wima. Tazama antena za majirani zinazouelekea mnara huo: ikiwa vijiti vyao vimesimama na vyako vimelala, umekwisha kujijibu. Kimo nacho kina hesabu yake. Antena iliyo mita 9 kutoka ardhini hufikia upeo wa kilomita 12 hivi kwa upande wake, na iliyo mita 3 hufikia 7 tu; umbali uliobaki hufikiwa na kimo cha mnara wenyewe. Zile kilomita 5 za ziada ndizo hutenganisha nyumba inayopata mnara wa mbali na isiyoupata.

Dalili ya pili: nguvu iko juu, ubora uko chini, na picha inakatika vipande, hasa baada ya kuunga antena mbili

Kwanza fanya jaribio lisilogharimu kitu, ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kutangulia kila ununuzi. Chomoa antena moja kwenye splita, na usome ubora wa kila chaneli ya upande uliobaki. Rudisha, chomoa ya pili, usome tena. Mwishowe chomeka antena moja kwa moja kwenye king'amuzi bila splita yoyote. Andika namba zote. Ikiwa kila antena peke yake inatoa ubora mzuri lakini zikiungwa unashuka, usiguse antena, wala usipandishe mlingoti, wala usinunue busta. Kosa liko kwenye kuungana kwenyewe.

Kuna mambo matatu yanayotokea pale splita inapogeuzwa kuwa kiunganishi. La kwanza ni hasara ya kawaida: kila antena hupoteza karibu desibeli 3.5, yaani zaidi ya nusu ya nguvu yake, hata kabla ya kebo, ambayo ikiwa ni ya aina ya RG6, yenye urefu wa mita 20, hupoteza kiasi kinachokaribia hicho tena. Kwa mtu aliye karibu na mnara hasara hii si kitu. Kwa mnara ulio kilomita 50, huenda ndiyo iliyokuwa akiba yako yote.

La pili ni kwamba kisogo cha antena hakijaziba masikio. Antena inayoitazama Mombasa huyasikia pia ya Malindi kwa nyuma, kwa udhaifu, na ile ya Malindi huyasikia ya Mombasa. Zikiungwa, kila chaneli inafika kwenye king'amuzi mara mbili, kwa njia mbili zenye urefu tofauti. Kwenye masafa ya MHz 600 urefu wa wimbi ni sentimita 50, kwa hiyo tofauti ya shibiri moja tu inatosha kuyafanya mawimbi mawili yasaidiane au yaangushane. Antena nzuri, yenye mgongo uliozibwa vyema, hupunguza tatizo hili hadi lisionekane. Antena za bei rahisi, ambazo nyuma husikia karibu sawa na mbele, hulifanya kuwa balaa la kuhamahama: chaneli moja inapona ukisogeza antena kidogo, nyingine inakufa.

La tatu halina tiba ndani ya kebo moja. Ikiwa minara miwili inatumia chaneli ya namba ile ile kubeba vitu tofauti, mawimbi hayo yakishachanganyika hakuna busta wala kichujio kitakachoyatenganisha. Linganisha orodha zako mbili. Ukiona namba moja imejitokeza pande zote mbili, acha wazo la kuunga.

Ikiwa ubora ni mbovu hata antena ikiwa peke yake, washukiwa ni wengine. Mshukiwa mkuu ni busta iliyozidi. Watu huamini kwamba busta huongeza picha, lakini huongeza kila kitu inachokisikia, kelele pamoja, na ikilishwa mawimbi makali kupita kiasi huanza kutengeneza kelele yake yenyewe. Iondoe kabisa kisha utazame ubora, ukipanda, usiirudishe. Mshukiwa wa pili ni mnara wa simu ulio karibu. Televisheni huishia MHz 694, na mawimbi ya 4G ya MHz 700 na 800 yanaanza juu kidogo tu ya hapo, kwa hiyo busta ya zamani huyabeba yote. Kichujio cha 4G huwekwa kabla ya busta. Kikiwekwa baada yake, kinakuwa kimechelewa.

Mshukiwa wa tatu unamwona ukifungua kile kisanduku kidogo cha plastiki kilicho kwenye antena, pale kebo inapofungwa. Nilifungua kimoja huko Bofa, nyumba iliyo karibu na ufuo, antena ambayo haikuwa na miaka miwili. Maji yenye rangi ya chai yalimwagika mkononi, skrubu zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, na uzi mmoja mwembamba wa wavu wa kebo ulikuwa umepinda na kuigusa shaba ya katikati. Chumvi ya bahari haingoji. Kata sentimita kumi za kebo hadi uione shaba inayong'aa, ufunge upya, uhakikishe hakuna uzi unaovuka, kisha pitisha kebo ikining'inia chini ya kisanduku kama kitanzi, ili maji yadondoke kabla ya kuingia. Ukikuta shaba imekuwa nyeusi hata baada ya kukata mita nzima, badilisha kebo yote.

Dalili ya tatu: stesheni zinajirudia, au king'amuzi kinashikilia iliyo mbovu

Aliyefanikiwa kupata pande zote mbili hukutana na kero hii. Stesheni moja inakuja kutoka Mombasa na kutoka Malindi ikiwa na namba ile ile ya orodha, na king'amuzi kinalazimika kuchagua. Vingine huchagua yenye ubora zaidi, vingine huchagua iliyopatikana kwanza, na kwa kuwa utafutaji huanza chaneli za chini kwenda juu, inayoshinda ni ile yenye masafa madogo, nzuri au mbovu. Ya pili hutupwa mwishoni mwa orodha, mara nyingi kwenye namba 800 na kuendelea. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu antena, shuka hadi mkia wa orodha ukatazame. Ukiikuta ile safi huko, futa ile mbovu, au fanya utafutaji wa mkono wa chaneli zile tu unazozitaka na kuziacha nyingine. Hii pia ndiyo sababu ya kutoruhusu king'amuzi kijitafutie stesheni chenyewe usiku. Zima kipengele hicho, la sivyo kila asubuhi utaamkia orodha mpya.

Dalili ya nne: picha huja na kuondoka kwa saa au kwa hali ya hewa

Upepo ukivuma na picha ikayumba, tazama kile kilichoshikilia antena. Huku pwani si ajabu kuiona imefungwa kwenye mnazi, na mnazi huyumba, hurefuka, na makuti yake mapya huota mbele ya antena. Kwa mnara mmoja wa karibu inavumilika. Kwa minara miwili ya mbali haifai.

Picha ikipotea mvua inaponyesha na kurudi siku moja au mbili baadaye, maji yako ndani ya kebo au kwenye viunganishi. Ikipotea saa za mchana wa jua kali na kurudi jioni, mara nyingi ni kiunganishi kilicholegea, au busta inayochemka ndani ya kisanduku kilichoelekea jua. Lakini ikipotea usiku mtulivu wenye joto, bahari ikiwa shwari, huenda nyumba yako haina tatizo lolote: tabaka za hewa juu ya bahari huweza kuyabeba mawimbi ya mnara wa mbali sana na kuyaangusha juu ya chaneli yako. Usiguse kitu usiku huo. Wengi hugeuza antena kwa hasira, hali ya hewa ikatulia kesho yake, na wao wakabaki na antena iliyopotoka.

Dalili ya tano: hakuna chochote, upande wowote

Angalia umeme wa busta, kiunganishi cha nyuma ya king'amuzi, na kebo iliyobanwa na dirisha au mlango. Jaribu king'amuzi cha jirani kwenye kebo yako. Kikifanya kazi, ni chako kilichokufa.

Ukilazimika kununua

Kwa nyumba yenye televisheni moja, ningechagua antena mbili na swichi ya kugeuza kwa mkono, isiyochanganya mawimbi, bila kufikiri mara mbili. Ikiwa kugeuza swichi kunakuudhi, weka ving'amuzi viwili, kila kimoja na antena yake, uchague kwa rimoti ya televisheni. Hakuna hasara ya splita, hakuna mwangwi, na chaneli za namba moja hazigongani.

Kwa anayetaka antena moja tu, ipo ile bapa yenye pembe za V na wavu wa chuma nyuma. Ukiondoa wavu huo inasikia mbele na nyuma kwa usawa, na kwa mahali kama Kilifi, ambapo minara inakaribia kukabiliana uso kwa uso, inafaa ikiwa mawimbi ya pande zote yana nguvu ya wastani. Aliye Takaungu au Vipingo, ambako Mombasa iko karibu zaidi, aijaribu kwanza antena aliyonayo: aielekeze Malindi, upande dhaifu, na aone kama Mombasa haiingii yenyewe kwa nyuma. Antena ya mviringo inayodai kusikia pande zote ningeiacha dukani. Kila upande inausikia kidogo, pamoja na kila kelele. Mota ya kuzungusha antena hufanya kazi vizuri hadi chumvi itakapoikuta, na haifai nyumba ambamo watu wawili wanatazama vitu tofauti.

Kuunga antena mbili kwenye kebo moja kwa ajili ya vyumba vingi kunawezekana, lakini kwa kifaa chenye vichujio vya chaneli, kinachoruhusu baadhi ya namba kupita kutoka kila antena na kuzuia zilizobaki. Hapo mwite fundi mwenye kipimo halisi cha mawimbi, kinachosoma ubora kwa desibeli, si yule anayepima kwa kutazama picha. Mwite pia ikiwa unaishi ghorofani na kebo inatoka kwenye mfumo wa pamoja, ambao kuugusa kunaweza kuwazimia majirani wote, au ikiwa mlingoti unaohitajika unazidi urefu unaoweza kuushika peke yako. Akifika, mpe zile orodha mbili na namba za ubora ulizoziandika antena zikiwa moja moja na zikiwa zimeungwa. Zitamwokolea nusu siku ya kupanda na kushuka ngazi, nawe utalipia saa chache.